Amri Isiyouliza

Mdogo wangu wa kike alimrekodi mama yetu katika nyumba tatu: Bujora alikozaliwa, Kamanga kwa huyo mdogo wangu, na mwisho hapa kwangu Mkolani, tulikomuuguza hadi alipofariki. Kila nyumba ilikuwa na folda yake kwenye kompyuta kuukuu ya mdogo wangu, inayotumia Linux, mfumo wa kuandikiwa amri. Kinasa sauti kilianza kuhesabu upya kila mahali, hivyo kila folda ilikuwa na faili namba 01 hadi 12.

Siku ya kumaliza matanga nilitaka zote ziwe katika folda moja niliyoiita Mama, ndugu wasikilize. Mdogo wangu alisimama nyuma ya kiti changu.

"Kaka, ukihamisha kwa amri ya mv, weka kistari na herufi i. Itakuuliza kabla ya kufunika faili yenye jina lilelile."

"Niulizwe na sanduku?"

"Ikishafunika, ile ya zamani hairudi. Na nakala nyingine hatuna."

"Nilikufundisha kuhesabu kwa punje za mahindi. Nenda kaangalie ugali."

Akaenda. Niliandika mv Bujora/* Mama/ nikabonyeza. Kimya. Nikahamisha za Kamanga. Kimya. Nikamalizia za Mkolani. Kwetu mdogo akinyamaza mbele ya mkubwa, amekubali. Nililelewa hivyo, na ukimya wa mashine niliusoma kama nilivyousoma wa mdogo wangu miaka yote.

Ndugu walipoketi, folda ilikuwa na faili kumi na mbili tu badala ya thelathini na sita. Za Kamanga zilikuwa zimefunika za Bujora, na za Mkolani zikafunika za Kamanga. Nyimbo za kulima zilikwenda, na kicheko cha mama pia. Zilibaki za ugonjwa.

Nilijua palepale nilichofanya. Lakini nilimnyooshea kidole mdogo wangu. "Huyu na kompyuta yake mbovu. Amemfuta mama."

Walimgeukia wote. Shangazi mmoja alimwita mzembe. Asubuhi mdogo wangu aliniachia faili zile kumi na mbili kwenye flashi, akapanda kivuko kurudi Kamanga. Tangu hapo sikupata shikamoo yake, hata ya sikukuu.

Ulipita mwaka kabla sijampigia. Nilimwambia ni mimi niliyezifuta.

"Najua. Kompyuta inatunza kila amri uliyoandika. Nilizisoma siku ileile. Zote tatu hazina i."

"Mbona hukusema mbele ya ndugu?"

"Nani aliniuliza?"

Akakata simu. Nikipiga sasa, haipokelewi.

Katika faili ya 12 mama anakohoa, anaomba maji. Sauti yake haisikiki vizuri, kwa sababu juu yake ipo ya kwangu, ikimfokea mdogo wangu ayalete haraka.