Mkurugenzi wa Vifungo

Nassibu bin Kheri, fundi cherehani wa mtaa wa Chemchem, hakuwahi kupanda ndege hata siku moja. Lakini ikifika alasiri, ukimwita fundi haitiki. Mwite Mkurugenzi, na hata kiraka chako kitashonwa leo leo.

Ukurugenzi huo aliupata kwa mchezo alioubuni mwenyewe. Alichora ramani ya nchi kwa chaki ya kukatia nguo, akatia viwanja tisa vya ndege. Vifungo vya shati vikawa ndege, punje za mahindi, zilizotawanywa upya kila siku, zikawa abiria. Wakishaswali alasiri, watu walijaa barazani kwake kuendesha mashirika ya ndege. Sheria zilikuwa mbili. Kiwanja ni cha aliyetua hapo kwanza, na wengine wakitua wanamlipa kifungo. Na ndege ikiruka bila abiria, mwenyewe anatozwa kifungo. Sasa niambie wewe, ramani ikiwa yake na mchezo wake, nani alitua kwanza kila mahali? Mgeni alipewa vifungo viwili. Akitua Mwanza, kimoja kimekwenda. Akitua Dar es Salaam, kwaheri. Nassibu alimpa pole kama mfiwa.

"Biashara ya anga ngumu, bwana."

Usimcheke sana. Nyumbani alikuwa baba Zamda, msikitini mtu wa safu ya nyuma. Hapo barazani tu ndipo alipokuwa mkubwa, na aliogopa kupapoteza kuliko alivyoogopa cherehani kuvunjika.

Mwaka wa sitini na nane akaja Benedikta, mwalimu aliyehamishwa kutoka Nzega, kufuata gauni aliloahidiwa tangu Jumatatu. Akaambiwa asubiri kidogo, na kidogo ya mafundi cherehani unaijua. Akaomba kucheza. Akatua mara mbili, akafilisika, lakini hakuondoka.

"Mkurugenzi, si wewe uliyesimama mkutanoni Jumapili ukasema mali ya nchi isishikwe na wachache?"

"Ni mimi," alisema Nassibu, kifua mbele. Alikuwa na kadi ya TANU tangu uhuru haujaja.

"Na hivi viwanja tisa vyote ni vya nani?"

Omari muuza kahawa akaacha kumimina. Mussa fundi baiskeli, aliyekwisha kufilisishwa mara ishirini na kunyamaza, akasema taratibu kwamba mwalimu ana hoja na viwanja vitaifishwe. Nassibu angepinga vipi, na mtaa mzima ulimsikia Jumapili? Viwanja vikawa vya umma, vifungo vikakusanywa, kila mtu akapewa vinne.

Nassibu hakutishika. Mchezo si ni wake? Akapeleka ndege moja Dar es Salaam kuchukua abiria. Abiria walikuwa Kigoma. Kesho yake akaikimbiza Kigoma, abiria wakawa Mbeya. Kila safari tupu, kifungo. Benedikta alikuwa akitazama kwanza punje zimekaa wapi ndipo anarusha, jambo ambalo Nassibu kwa miaka yote hakuwahi kuhitaji kulifanya. Yeye alikuwa akikaa tu, wengine wanatua, analipwa. Omari na Mussa nao, kumbe, walijua kucheza vizuri sana.

Siku ya tatu alibaki na kifungo kimoja. Aliona aibu, aibu ya kweli.

"Nafikiri tuongeze sheria," alisema. "Mgeni asitozwe kitu mwezi mzima, mpaka azoee."

"Sheria nzuri," alisema Benedikta. "Ila sisi wote hapa wenyeji sasa. Mgeni ni nani, Mkurugenzi?"

Omari na Mussa wakainamisha vichwa wasicheke. Nassibu akaitazama ramani aliyoichora kwa mkono wake, kisha akasogeza kigoda karibu na mwalimu.

"Ni mimi," alisema. "Na usiniite Mkurugenzi. Nionyeshe unavyozitazama hizo punje."