Nesi Vua Shati

Kina mama wa kliniki ya watoto walimbandika jina la Nesi Vua Shati, na wala hawakumsingizia. Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, alipita benchi hadi benchi akiwafunua watoto vifua, iwe baridi iwe joto. Akimtilia shaka mmoja, alitazama saa yake ya mkononi akahesabu pumzi dakika nzima, na ole wako umsemeshe. Wengine walimwona ana kiherehere. Shauri yao.

Siku hiyo bibi mmoja alikaa mwisho wa foleni, namba arobaini na moja, mjukuu wake wa miezi minane kamviringishia mablanketi mawili. Mtoto alikuwa amekohoa na kulia tangu jana, na sasa katulia. Bibi alishukuru mno. Kila aliyepaza sauti alionywa kwa kidole: jamani, amelala.

Nesi akaomba kumfunua. Bibi akagoma, akamuuliza ana roho gani ya kumwamsha mtoto ambaye ndiyo kwanza kapata usingizi.

"Mama, nipe nimwone," nesi akasema, na mikono yake ilikuwa imeshatangulia.

Chini ya mablanketi, matundu ya pua yalikuwa yakitanuka, na kila mtoto alipovuta pumzi, nyama ya chini ya mbavu ilibonyea ndani. Midomo ilishaanza kuwa ya kijivu. Alimfikicha unyayo, mtoto akafumbua jicho nusu tu. Usingizi gani huo! Mtoto alikuwa amechoka kupumua. Nesi hakuhesabu kitu. Akambeba wima, akazipita namba zote arobaini huku watu wakinung'unika kwamba siku hizi mambo ni kujuana.

Ndani wakamwekea oksijeni puani, daktari akaja mbio, sindano ya homa ya mapafu ikafuata. Bibi alisimama mlangoni, mablanketi mikononi. Ilipita kama nusu saa ndipo midomo ikarudi rangi yake, na mtoto akaangua kilio kilichosikika mpaka dirisha la dawa. Nesi alifurahi waziwazi, akasema na alie mpaka achoke.

Bibi akamwomba radhi. Kisha akamuuliza alijuaje, maana mtoto alikuwa kimya kabisa.

"Mwaka wangu wa kwanza kazini," nesi akajibu, "mama mmoja aliniuliza mbona mwanawe kanyamaza ghafla. Nikamwambia ashukuru, amelala."