Darubini Iliyotazama Paa la Mama Chama

Gauthier alikuwa ameinamia darubini, jicho moja amelifumba, alipohisi mtu nyuma yake. Hakusikia hatua. Alisikia pumzi.

"Unapima nyumba ya nani?"

Alikuwa Mama Chama, jirani wa mama yake hapa Kasungami, pembeni mwa mji. Mikono yake ilijaa unga mpaka viwikoni.

"Sipimi kintu, mama. Hii iko ya kuangalia nyota."

"Nyota, mu muchana?"

Swali lilikuwa la haki, na jibu lake lilikuwa refu. Kazi yake ilikuwa kule Katuba, mjini, kupiga picha za pasipoti na za harusi. Lakini kila kiangazi, anga likikauka, alikuja kwa mama yake Constance, aliyeishi peke yake mahali hapa penye giza zuri, akapiga picha za nyota usiku, majirani wakiwa wamelala. Picha hizo zilikuwa na ugonjwa mmoja. Mota iliyozungusha darubini yake ili ifuate nyota iliteleza kidogo, basi nyota zikarefuka kama punje za mchele. Dawa yake ni darubini ya pili, ndogo, inayopanda mgongoni mwa ile kubwa. Hiyo hukodolea nyota moja tu, na nyota ikisogea, huiambia mota ijirekebishe.

Vital, mfanyabiashara anayesafirisha mizigo kutoka Mokambo, mpakani, alikuwa amemwachia mbili ajaribu, achague moja. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, fupi kama kiganja. Unaisukuma kwenye mfereji wake, uliochongwa mgongoni mwa darubini kubwa, basi, imekaa. Ya pili ilikuwa nyeupe na ndefu, na iliona hata nyota hafifu. Moyo wa Gauthier ulikuwa kwa hiyo nyeupe. Ila ilishikwa na pete mbili zenye skrubu, na ili itazame pale pale inapotazama kubwa, ilifaa kuilinganisha mchana, kwa kitu kilicho mbali.

Gauthier alichagua antena ya simu iliyosimama mbali, nyuma ya miti. Kati yake na antena palikuwa na paa la Mama Chama. Yeye aliiona antena tu.

Mama Chama aliona miguu mitatu, bomba, na mwanamume aliyefumba jicho. Alishawahi kuviona. Huko walikokaa zamani, wapima ardhi walikuja na vitu kama hivi, wakachungulia, wakaandika, wakaenda. Baadaye kuta zikapakwa misalaba ya rangi nyekundu, na baada ya misalaba ikaja mashine. Sufuria zake alizichimbua kwenye kifusi.

"Ba géomètre banaanzaka hivi," alisema, si kwa Gauthier, bali kwa watu waliokwisha kusogea uani.

Mbele yao alisimama Kunda, mwanawe mkubwa, fundi mwashi, nyundo mkononi kama alivyotoka nayo kazini.

"Photographe, ulianza lini kazi ya leta?" aliuliza, kana kwamba serikali ndiyo iliyomtuma.

Watu wakacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni.

"Mutoto ya Constance alishauzisha avenue yote, na manyumba yake," sauti ikasema nyuma.

Constance alitoka jikoni, akasimama kati ya mwanawe na nyundo. Hapo ndipo Gauthier alipoona hatari ilikuwa ya nani. Yeye kesho angerudi Katuba. Mama yake angebaki na ua huu wa matete, na watu hawa, na usiku.

Alitaka kumwambia Mama Chama achungulie mwenyewe. Kisha akakumbuka angeona nini ndani ya lile bomba jeupe: antena, na pamoja nayo ukingo wa paa lake, umepinduliwa juu chini.

Akalegeza skrubu. Moja ilimponyoka ikaanguka mchangani, na hakuna aliyeinama kumsaidia. Aliifunga nyeupe kwa kitambaa, akasukuma nyeusi kwenye mfereji, akainua darubini kubwa mpaka ikatazama mbinguni kabisa.

"Hii haiombi kulinganishwa na antena. Haitaangalia chini, mama."

"Na bale balisema hivyo."

"Sasa nifanye nini?"

Mama Chama alijifuta unga. "Mimi nitaikala hapa. Nitaona kwenye inaangalia."

Na kweli, giza liliposhika alikuja na kigoda, kajifunga kitenge, Kunda nyuma yake. Gauthier alitangaza kila anachofanya: "Mama, minaigeuza kidogo. Mama, hii sauti iko ya mota." Kila mota ilipolia, kigoda kililia. Ile nyeusi ikashika nyota moja karibu na mkia wa Nge, lile kundi la nyota, haikuiachia. Picha ya kwanza ilipotokea, nyota zilikuwa duara, ndogo, safi kama vitobo vya sindano. Miaka mingi alikuwa amezingoja. Hakuthubutu hata kutabasamu, asije akaulizwa amepata nini.

"Nyeupe itarudi Mokambo," alimwambia mama yake kwa sauti ya chini. Constance aliitikia kwa kichwa.

Alipofunika kila kitu, Mama Chama aliinuka. "Ukikuya tena, uniite mbele ya kuifungua."

"Ndiyo, mama."

Akavuka ua na mwanawe. Gauthier alidhani anaingia kulala. Lakini taa aliyoishika haikuingia ndani. Iliinama, ikaanza kuzunguka nyumba polepole, ukuta baada ya ukuta, ikitafuta rangi nyekundu.