Jioni Niliyoiombea Ureno

Siku Moroko ilipokutana na Ureno kwenye Kombe la Dunia kule Qatar, Garissa nzima ilikuwa Moroko. Ureno ilikuwa na mashabiki wawili: baba yangu, na mimi kwa kulazimika.

Baba ni dalali wa ngamia. Aliipenda Ureno miaka mingi kwa ajili ya mchezaji mmoja, yule mkongwe wao, na hakuona sababu ya kuhama eti kwa kuwa mji umehama. Wenzake walimwandama hadi mlangoni mwa msikiti. "Walaal, wale ni ndugu zetu Waislamu, wallahi!" Akawajibu, "Kwa swala niko na nyinyi. Kwa mpira niacheni."

Siku hiyo hiyo, Jumamosi, baada ya alasiri, wazee watano walifika kutoka Masalani kuniposa. Kijana wao nilisoma naye, na nilimtaka. Nasema waziwazi kwa sababu sasa ni mume wangu, na kichwa chake hakiwezi kuvimba zaidi ya kilivyovimba.

Tatizo langu lilikuwa moja. Ureno ikifungwa, Baba hasemi na mtu, na akiulizwa jambo, jibu lake ni "Tutaangalia." Wachumba wawili kabla ya huyu walipewa hiyo "tutaangalia", na nadhani mpaka leo wanaangaliwa.

Kijana wangu alilijua hilo, akawaonya wazee wake kwa simu wakiwa njiani: mkiingia nyumba ile, nyote ni Ureno. Wakatii. Walikaa sebuleni wakiisifu Ureno kama waliozaliwa huko, ingawa mkubwa wao, mjomba wa kijana, alikuwa na kitambaa chekundu cha Moroko kikichungulia mfukoni. Kisha wakaanza kuhesabu ukoo, babu kwa babu, hadi saa kumi na mbili ikafika. Baba akachukua rimoti.

"Mpira kwanza," akasema. "Jibu baadaye."

Magharibi ilipoadhiniwa wote walitoka kwenda kuswali. Nasikia imamu jioni ile alichagua sura fupi kuliko zote anazozijua. Mimi niliswali chumbani, na nilipotoa salamu nikainua mikono nikamwomba Mungu Ureno ishinde. Mimi, Moroko wa damu! Niliona haya hata kusema amina.

Dua yangu haikupita. Kabla ya mapumziko Moroko wakafunga kwa kichwa. Nilikuwa jikoni na Hooyo, mama yangu, nikijaza chai kwenye thamosi, nikamsikia yule mjomba akiruka: "Allahu akbar!" Nikajua tumekwisha, Baba amewagundua.

Hapo ndipo Hooyo alipoweka sufuria chini, akavuta pumzi, akapiga vigelegele.

Kwetu, vigelegele katika nyumba yenye wageni wa posa vina maana moja: baba ametoa binti. Jirani wa kulia akaitikia, wa kushoto akaitikia, na kabla sijafunga thamosi uani palijaa wanawake wananikumbatia. "Mabruk! Mabruk!" Mmoja alikuja na sinia la halwa. Wawili walipita moja kwa moja hadi mlango wa sebule kumpongeza Baba.

"Hooyo, hata wewe unashangilia bao?" nikamnong'oneza.

"Bao gani?" akauliza, akaendelea na chai yake.

Nikachungulia pazia. Baba aliitazama runinga, akawatazama majirani, akalitazama pazia. Kusema "bado" mbele ya watu wale ingekuwa fedheha. Mjomba wa Masalani hakupoteza nafasi, aliinua mikono akaanza Fatiha ya kuifunga posa.

"Nimefungwa mawili kwa dakika moja," Baba akasema, naye akainua mikono yake.

Lakini halwa hakuiruhusu iguswe mpaka mechi iishe. Kipindi chote cha pili wazee watano walikaa na sinia mbele yao, wakiiombea Ureno kwa midomo tu. Ureno hawakurudisha. Yule mkongwe akatoka uwanjani akilia, wageni wakaaga, na Baba akabaki kwenye kiti chake.

Nilimpelekea chai. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Pole, Aabo. Ni mpira tu."

"Mpira?" akasema. "Masalani ni mbali. Mvua ikinyesha njia inakatika."

Nikakumbuka wale wachumba wawili. Mmoja alikuwa wa Habaswein, mwingine wa Kutulo, kote mbali kuliko Masalani. Niliketi sakafuni karibu na mguu wake nikalia, na sikujali nani ananiona.

"Ureno wakicheza tena nitakuja tuwatazame pamoja," nikamwambia.

Akanywa chai kidogo. "Njoo," akasema. "Lakini yule mjomba wa Allahu akbar abaki huko huko."