Nilivyotupa nywele za kabaila wa Kifaransa nikidhani namwokoa bibi wa watu

Wakuu, heshima zenu. Haya sijasimuliwa na mtu, nimeyatenda kwa mikono yangu, na aibu bado ninayo.

Nipo Toronto, nahudumia wazee majumbani. Nina bibi mmoja hapa St. James Town, miaka tisini na ushee, macho yamefifia. Ananiita "my son".

Bibi ana kipicha cha babu wa babu yake, kabaila wa Ufaransa wa miaka mia mbili iliyopita, mwenyewe humwita "Count", yaani cheo chake cha ukabaila. Kimechorwa kwa mkono juu ya kipande cha pembe ya ndovu, hakizidi kifuniko cha chupa ya chai. Jamaa ana mashavu mekundu, kola imembana hadi unamwonea huruma.

Siku hiyo nakifuta vumbi, nikakigeuza. Nyuma, chini ya kioo, kuna nywele za mtu zimesukwa na kufungwa uzi!

Wakuu, mimi kwetu Sumbawanga. Nywele zikifichwa nyuma ya picha ya mtu, sisi hatuulizi maswali: huo ni uchawi.

Nikafungua kwa kisu cha mezani, nikakemea kwa jina la Yesu, nikazitupa kwenye shimo la taka la ghorofa. Nilijiona shujaa.

Kesho yake Bibi ananiambia, "Jumamosi mjukuu wangu anakuja na mtaalamu wa vitu vya kale. Nataka nimwachie Count, pamoja na nywele zake."

Nikarudi nyumbani, nikamweleza wife.

"Baba Neema, umetupa nywele za watu?" Alicheka hadi akapaliwa, kisha akanikatia kipande cha rasta ya kahawia, zile nywele za bandia za kusukia. Nikasuka, nikafunga uzi, nikarudishia kioo.

Jumamosi mtaalamu akaweka lenzi jichoni. Akaeleza kwamba enzi zile wakubwa wa Ufaransa walipeana picha hizi na nywele zao kama kumbukumbu ya mapenzi. (Laiti ningejua!) Akageuza kipicha, akasogeza lenzi karibu.

"Madam, picha ni halisi kabisa. But this hair is plastic."

Mjukuu akanitazama. Nikajua kibarua kimeota nyasi. Nikasema yote, hadi maombi.

Bibi akauliza, "Ulidhani nimerogwa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ukaogopa kwa ajili yangu?"

"Sana."

Akaagiza mkasi. Akakata nywele zake nyeupe kidogo, akampa mjukuu. "Weka hizi. Huyo Count hata wewe humjui."

Mjukuu akalia. Na mimi nililia, sifichi.

Kazi ninayo bado, ila kufuta vumbi nimepigwa marufuku.

Nilichojifunza: uliza kwanza, kemea baadaye. Na wewe uliwahi kukemea kitu kisicho na hatia? Funguka, humu wote tuna yetu.