Maji Ndani ya Zabibu

Hakuna aliyewahi kumwona Bi Mkasi bila mkasi wa kupogolea. Hata msibani alikwenda nao, umechomekwa kwenye mkanda wa gauni. Watu wakimtania, "Leo umekuja kumpogoa nani?" yeye huwajibu, "Yeyote mwenye mdomo mrefu."

Shamba la mizabibu lilikuwa la baba yake. Aliingia humo akiwa bado anabebwa mgongoni, na alipopata nguvu ya kuinua kreti, shule ikaishia hapo. Kaka yake akaendelea kusoma. Yeye akabaki na baba, akafundishwa kutafuna mbegu ya zabibu: ikiwa laini na chungu, subiri, ikivunjika kama karanga, vuna. Akafundishwa kuweka sikio kwenye pipa na kusikiliza divai inavyochemka, kama mama anavyosikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi.

Baba alipofariki, kaka akarudi na mashati yake ya kupigwa pasi, akakalia kiti cha baba. Watu wakamwita Bosi. Dada mtu akaendelea kupogoa, kuvuna, kukamua na kusugua mapipa, kucha zake zikawa za zambarau mwaka mzima. Wageni wakija kuonja, anayemimina ni Bosi. "Huyu dada yangu ananisaidia saidia," huwaambia. Bi Mkasi akalimeza hilo, na mengine mengi.

La mwaka huu lilimkwama kooni.

Mavuno yalikuwa yamekaribia, na shamba lilikuwa limenyimwa maji makusudi ili utamu ukolee. Asubuhi Bi Mkasi akaingia shambani, mguu ukazama kwenye tope. Akasimama. Mvua haikuwa imenyesha. Akachuma punje moja, akaitafuna, akaitema. Maji matupu! Nyingine zilikuwa zimevimba mpaka zimepasuka ngozi, na nyigu walishafika.

Alimkuta Bosi mezani anakunywa chai.

"Nani amefungua koki?"

"Mimi. Lori la kiwanda linakuja, na kiwanda kinanunua kwa kilo. Zabibu zikinywa kidogo zinakuwa nzito. Ndiyo biashara, dada'angu."

"Na divai yetu?"

"Si utakamua hizo hizo? Tia sukari. Nani atajua?"

"Nitajua mimi, mshenzi wewe!"

Mama yao akatoka jikoni, mikono imejaa unga. "Jamani, majirani wanasikia! Mwanangu, mwache kaka yako, ndiye mkubwa."

"Ukubwa wake uko wapi, mama? Kwenye tumbo? Amewahi kupogoa hata tawi moja? Miaka yote nimwache, nimwache! Nimemwacha akakalia kiti cha baba. Nimemwacha akajisifia jasho langu. Leo ameharibu kazi ya mwaka mzima kwa kuzungusha kiganja tu, na bado nimwache?"

Bosi akacheka. "Ukikasirika unafanana na baba."

"Baba angekucharaza na huo mpira wa maji."

Lori lilipofika, Bi Mkasi hakulizuia. Aliwaambia wavunaji wachume shamba zima, hata mistari ambayo miaka yote hutengwa kwa ajili ya mapipa. Bosi akaja mbio, kiatu kimoja hakijafungwa.

"Na za kukamua ziko wapi?"

"Ulitaka kilo. Beba kilo."

"Unanikomoa?"

"Eh, nakukomoa."

"Watu wa hoteli nimeshawaahidi divai!"

"Wapelekee hiyo sukari."

Mwaka huo nyumba haikunukia zabibu zilizokamuliwa. Bi Mkasi alibeba ndoo moja moja, akayajaza mapipa maji ili mbao zisikauke zikaachana. Pipa la kwanza alilipiga teke, kisha akainama akalipapasa pale alipolipiga. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Si ungekamua hata kidogo, mwanangu?"

"Watu wakinywa divai ya nyumba hii wanamtaja baba. Siwezi kuwapa maji ya kuoshea vyombo, halafu wamtaje."

Mama akasogea. Alishika upande wa pili wa ndoo.

Msimu wa kupogoa ulipofika, Bosi alikuja akasimama mwanzo wa mstari. Watu wa hoteli walikuwa wameacha kupokea simu zake.

"Dada, mwaka huu tutakamua?"

Mkasi haukusimama. "Mpini wa koki nimeutoa, ninao mimi. Na wageni wakija, namimina mimi. Wewe utasema hiyo divai imetengenezwa na nani."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Bosi akajikuna shingo, akatazama huku na huku kama anayetafuta mama. "Haya."

"Haya nini?"

"Haya, nitasema."

"Basi beba hayo matawi, yananizuia njia."

Akainama na shati lake la pasi, akayakumbatia vibaya, nusu yakamdondoka. Bi Mkasi aliyaona. Akahamia mzabibu mwingine, moyo bado unawaka, akakata.