Madoa Mawili ya Pembeni

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025. Joto lilikaba tangu alfajiri. Mawingu yalilala juu ya milima ya upande wa Korogwe, lakini Misima kulikuwa na vumbi tu, na upepo haukutikisa jani.

Mwatumu binti Hiza alifungua kituo cha maziwa akiwa amekwisha kula daku na kuswali. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye tabia ya kufuta meza hata kama imefutwa. Baba yake alikuwa mkata mkonge huko Korogwe. Yeye alikulia kwenye nyumba za kambi, akaolewa Misima, akafiwa na mume, akabaki na ng'ombe mmoja ambaye naye alikufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe. Kikundi cha wafugaji kilimchagua apokee maziwa kwa sababu ya ulimi wake. Akionja tone moja tu husema, "Haya yametiwa maji," au, "Ng'ombe huyu anaumwa kiwele," na mara nyingi huwa ni kweli.

Ila ule ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na mchana Mwatumu haonji kitu. Kazi yote ilibaki kwa kifaa ambacho Dennis, fundi kutoka Korogwe, alikileta kwa majaribio. Wanakikundi walikiita "ulimi wa Dennis". Kilikuwa kikadi cheupe chenye madoa madogo yaliyopangwa mistari. Ndani ya kila doa kuna chembe zilizotengenezwa maabara zikapewa umbo la kunasa kitu fulani, kama tundu la kifungo linavyopokea kifungo chake. Ukikidondoshea maziwa, madoa hubadilika rangi. Kisha unakiingiza kikadi kwenye kisanduku, nacho kinasoma madoa yote kwa pamoja, kwa maana doa moja peke yake halisemi mengi, kama vile mtu humtambui kwa pua tu bila kuiona sura nzima. Sura ikiwa ni ya maziwa mazuri, taa ya kijani inawaka. Ikiwa ni ya maji, sabuni au dawa ya mifugo, inawaka nyekundu na jina linatokea.

Asubuhi hiyo foleni ilikwenda vizuri mpaka ilipofika zamu ya Yuditha, mke wa Bernardo mfugaji. Alikuwa jirani yake Mwatumu, mcheshi, mwenye ng'ombe wazuri.

"Shikamoo, dada Mwatumu."

"Marahaba. Bernardo karudi?"

"Wapi! Bado yuko na mifugo Kang'ata. Anasema huko majani yapo, basi mke amesahauliwa."

Watu walicheka. Mwatumu akadondoshea kikadi, akakiingiza. Taa nyekundu ikawaka, na pale jina linapotokea pakaandikwa: haijulikani.

Akatia kikadi kingine. Nyekundu tena.

"Ulimi wa Dennis nao umefunga!" alisema Elisha, kijana mwenye domo, kutoka nyuma ya foleni. "Upeni futari!"

"Ni moshi huo, mama," mwingine akadakia. "Yuditha bado anakamulia kwenye kibuyu. Ungeonja ungejua."

Ilikuwa kweli kwamba Yuditha, kama mama zake wote, alikamulia kwenye kibuyu alichokifukiza kwa kijinga cha moto ili maziwa yasiharibike na yapate harufu nzuri, ndipo akayamimina kwenye ndoo ya kuleta kituoni. Na ilikuwa kweli kwamba mwanzoni kifaa kiliukataa moshi. Lakini Dennis alikwisha kukifundisha. Walikaa naye siku nzima wakikionjesha maziwa ya vibuyu vya watu wote, mpaka kikaujua moshi wa mti wa mgunga na kuuwashia kijani. Hilo ndilo lililomtia Mwatumu wasiwasi. Kama ni moshi, mbona leo kifaa hakiufahamu?

Nje, Valentino, dereva wa gari la maziwa la kwenda Korogwe, alipiga honi.

"Mama, jua linapanda! Mimina twende!"

"Haya simimini," Mwatumu alisema.

Yuditha aliweka mikono kiunoni. Kila mtu alijua kanuni ya kikundi: anayeleta maziwa yenye dawa anatolewa, na jina lake linatangazwa mbele ya mkutano.

"Dada, unaniaibisha hivi mbele za watu? Nimetia nini mimi? Haya si maziwa yaleyale anayokunywa mjukuu wako Angel kila jioni? Mbona huko kwako hayana sumu?"

Alisema hivyo ili kujitetea. Mwatumu aliishusha ndoo sakafuni, akaifunika.

Angel, binti wa miaka minne, alikuwa mtoto wa kijana wake aliyeoa mke kutoka Lutindi na kujenga jirani, na maziwa ya Yuditha ndiyo yaliyokuwa chakula chake. Mwatumu alichukua simu akampigia mkwewe Yasinta, mama yake Angel.

"Mwanangu, Angel asinywe maziwa."

"Ameshakunywa, mama. Yale ya jana yaliyobaki. Tena tangu usiku analalamika tumbo, nikajua ni mapera mabichi. Kuna nini?"

"Usimpe tena. Mpe maji. Nakuja."

Aliwaruhusu wengine wamimine, gari likaondoka, na ndoo ya Yuditha ikabaki sakafuni imefunikwa. Kisha akapiga picha ya kikadi na kumtumia Dennis. Dennis alipiga mara moja, na sauti yake haikuwa na utani.

"Mama, sura hiyo ni ya moshi kweli, isipokuwa madoa mawili ya pembeni. Hayo tuliyaweka kunasa sumu za madini. Hayajawahi kubadilika hata siku moja. Sijui inatoka wapi, lakini mtu asinywe."

Yuditha alisikia yote. Mikono ilimshuka kiunoni.

"Na wangu wamekunywa," alisema taratibu.

Walitoka pamoja, Mwatumu amekumbatia kisanduku kifuani, mtandio ukimteleza asijali. Kwa Yuditha hawakuingia hata ndani. Walikamua ng'ombe mmoja moja kwa moja kwenye kikombe kilichosuuzwa: kijani. Wakapima maji ya mtungini, nayo yakawa safi. Mwatumu alitamani kifaa kikosee, taa iwake ovyo, apate kukitupa na kurudi kucheka na watu. Hakikukosea. Akamimina maji yaleyale ndani ya kibuyu, akayatikisa, akadondoshea kikadi.

Madoa mawili ya pembeni yakageuka zambarau mbele ya macho yao.

"Ni kibuyu," Yuditha alinong'ona. "Lakini kibuyu hiki ni cha siku zote!"

"Umekifukiza na nini?"

"Na kijinga, dada. Na nini kingine?"

"Cha mgunga?"

Yuditha akaingia jikoni, akatoka na kipande cha mti kinene kama paja, upande mmoja mweusi kwa moto, upande mwingine una rangi ya kijani iliyofifia.

"Mgunga umeniishia, na Bernardo ndiye huwa ananikatia. Hiki waliacha mafundi wa umeme, kando ya barabara. Kipande cha nguzo. Mti mzuri, dada, kijinga chake hakizimiki, unafukiza vibuyu vyote kwa moto mmoja. Tangu Jumapili nafukiza nacho kibuyu cha maziwa ya jioni, na leo ndiyo mara ya kwanza kwa hiki cha kituoni." Alikitazama kama aliyeshika nyoka. "Ni mti tu. Si ni mti tu?"

Mwatumu alikumbuka nguzo zile zikishushwa kwenye lori, zote na kijani kilekile, na mafundi wakiwa wamevaa glavu. Mchwa hawali nguzo ya umeme. Kila mtu Misima alilijua hilo na kulisifia, na hakuna aliyejiuliza mchwa wanaogopa nini.

"Ni mti uliolishwa dawa," alisema. "Wachukue watoto. Twende."

Walimpitia Angel, na pikipiki mbili ziliwapeleka hospitali Handeni mjini: Yuditha na wanawe wawili kwenye moja, Mwatumu na Angel kwenye nyingine. Njia nzima mtoto aliegemea kifua cha bibi yake, na kila alipojikunja Mwatumu aliikatisha dua katikati akaianza upya. Kile kipande cha nguzo kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, kimefungwa kwenye kiti.

Daktari alikigeuzageuza, akauliza maswali mengi, akachukua mkojo wa watoto ili upelekwe kupimwa.

"Bahati ni kwamba ni siku chache," alisema. "Waache kabisa maziwa ya vibuyu hivyo, wanywe maji mengi. Mmoja akitapika au akilegea, mrudisheni hapo hapo. Ingepita miezi, ningekuwa nawaambia maneno mengine."

Mwatumu alifuturu kwa maji na tende, akashindwa kumeza zaidi. Usiku alilala kando ya Angel, mkono juu ya tumbo la mtoto.

Asubuhi iliyofuata Angel aliamka akataka uji, na akaumaliza. Mwatumu alimtazama mpaka kijiko cha mwisho. Kisha akatoa kibuyu chake mwenyewe, kilichoning'inia ukutani tangu ng'ombe wake alipokufa, akachukua kijinga cha mgunga kutoka jikoni kwake, akaenda kwa Yuditha. Wakakifukiza pamoja, wakakamua, wakapima palepale. Kijani.

Kituoni foleni ilikuwa imekwisha kusimama, na habari ilikwisha kuenea. Watu walimpisha Yuditha kama anayenuka. Mwatumu alimshika mkono, akamweka wa kwanza, akamimina maziwa yake mbele ya wote. Kisha akawageukia.

"Kabla sijapokea tone, kila mmoja aniambie amefukiza kwa mti gani."

Nyuma kabisa Elisha aliinama, akanyanyua ndoo yake, akatoka kwenye mstari.

"Mama yangu naye alikiokota kipande," alisema bila utani. "Jana jioni ndiyo mara ya kwanza kukitumia."

"Mdogo wako amekunywa?"

"Bado, nadhani."

"Kimbia," Mwatumu alimwambia, na Elisha akaiacha ndoo palepale.